Subaru imekuja na matairi ya theluji: niyamalize hapa Tanga, au nitafute ya misimu yote?

Turbo_wa_Raskazone

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu, na walionizidi umri shikamooni.

Mwezi uliopita nilipokea Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2003 niliyoiagiza kutoka Japani. Gari lenyewe sina neno nalo: injini yake ya lita 2 yenye turbo inavuta vizuri, breki za Brembo ni nzima, na ndani ni safi kuliko nilivyotarajia kwa umri wake. Kilichonileta hapa ni matairi. Yote manne ni ya ukubwa wa 225/45R17, ubavuni yameandikwa STUDLESS, yaani ni ya theluji, na tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa ni 4217, maana yake wiki ya 42 ya mwaka 2017. Nimepima kina cha kashata (vile vibonge vya mpira vinavyogusa barabara) nikapata milimita 7 kwa kila tairi, tena zimelika sawasawa, kwa hiyo mtu akiliona gari limesimama atasema matairi ni mapya.

Nilipoanza kuulizia hapa mjini majibu yalinichanganya. Mwenye duka mmoja aliniambia kwamba tairi lenye kashata ndefu kiasi hicho halitupwi, na kwamba la theluji ni gumu zaidi kwa sababu limetengenezwa kwa nchi zenye shida. Mwingine alinishauri niyang'oe siku ile ile niweke ya misimu yote, ingawa nilipomuuliza misimu hiyo ni ipi alicheka tu akasema ni masika na kiangazi.

Jambo lililonifanya niache kubahatisha lilitokea Jumamosi iliyopita. Nilikuwa natoka Segera kurudi mjini, mvua ya vuli imetoka kunyesha na lami bado inang'aa, na nilipokaribia Muheza, pale wauza machungwa wanapopanga mafungu yao kando ya barabara, pikipiki iliyobeba viroba viwili ilikata mbele yangu bila dereva wake kuangalia nyuma. Mwendo wangu ulikuwa kama kilomita 70 kwa saa, haukuzidi hapo. Nilikanyaga breki kwa nguvu, kanyagio likaanza kutetemeka mguuni kwa kazi ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge), na gari likaendelea kwenda. Halikuyumba wala halikuzunguka. Lilikataa tu kusimama pale nilipolitegemea lisimame. Ilinibidi nimkwepe kwa upande wa kulia, ambako kwa bahati hapakuwa na lori, na nikasimama mbele yake. Yeye aliokota machungwa yake yaliyomwagika, mimi nikakaa ndani ya gari dakika kumi nzima mikono ikiwa bado kwenye usukani.

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, je, kosa lilikuwa la matairi, au mimi ndiye sijalizoea gari? Pili, ikiwa ni lazima kununua, ninunue ya misimu yote au yale ya kiangazi yanayotengenezwa kwa ajili ya magari yenye mwendo? Nauliza hivyo kwa sababu kila mwezi hupanda Lushoto kwa wakwe zangu, na mwezi wa saba kule asubuhi kunakuwa na baridi kali ambayo sisi wa mwambao hatuijui.

Babu_wa_Chumbageni

Marahaba, mwanangu. Mimi nina Corolla iliyokuja na matairi ya aina hiyo hiyo, nimeyatumia mwaka wa tatu sasa, nimekwenda nayo Korogwe, Horohoro na Pangani kabla lami haijafika, na sijawahi kuanguka mtaroni. Hawa wanaokuambia uyatupe ndio hao hao wanaouza mapya. Tairi likiwa na upepo wa kutosha na kashata zinaonekana, linatembea. Kilichokuponza pale Muheza ni mwendo na ugeni wa gari, na pikipiki zetu nazo unazijua. Yamalize kwanza, kisha ununue utakayo.

Fundi_Ngamiani

Mzee wangu wa Chumbageni, shikamoo, ila kwa hili naomba tutofautiane kwa adabu, maana mimi nafungua na kufunga matairi tangu asubuhi hadi jioni, na haya ya theluji nayaona kila wiki kwenye magari yaliyotoka bandarini.

Ndugu mwenye swali, fanya jaribio hili kabla hujamsikiliza mtu yeyote, nikiwamo mimi. Egesha gari juani saa saba mchana, kisha weka kidole gumba kwenye kashata moja ya tairi la mbele na uisukume pembeni. Utaona inalala kama ufizi wa mtoto. Ukiangalia kwa karibu utaona pia kwamba kila kashata imechanjwa kwa mikato mingi myembamba, kama mtu aliyepitisha wembe mara nane au tisa, na kwamba mikato hiyo inafumbuka unaposukuma. Halafu nenda kwenye gari lolote lenye matairi ya kawaida, hata yaliyochoka, ufanye vivyo hivyo. Lile halitalala.

Ulaini huo ndio uliokupeleka mbele pale Muheza. Unapokanyaga breki, gari zima linaegemea kwenye sehemu nne, kila moja kama kiganja cha mkono, na sehemu hizo zinatakiwa zishike lami zikiwa zimetulia. Kashata laini na ndefu zinapinda, kingo zake zinanyanyuka, na mpira unaogusa lami unapungua wakati ule ule unaouhitaji. Kwa hiyo milimita 7 zako, ambazo kwa tairi la kawaida ningekupongeza, kwa tairi hili kwenye joto la Tanga ni sehemu ya tatizo lenyewe: kadiri kashata inavyokuwa ndefu ndivyo inavyoyumba. Nimeshaona wateja wanaojivunia kina cha kashata kana kwamba ni akiba benki.

Kuna herufi nyingine ambayo wengi hawaisomi. Mwishoni mwa namba za ukubwa pana herufi ya mwendo, na matairi mengi ya theluji ya Kijapani yana Q, ambayo ukomo wake ni kilomita 160 kwa saa. H ni 210, V ni 240, W ni 270. Sikushauri ukimbize gari kwenye barabara ya Segera, ambayo ina vijiji na watoto wa shule, lakini herufi ile haisemi mwendo peke yake. Inakuambia pia tairi linavumilia joto kiasi gani likiwa limebeba mzigo, na joto ndilo adui wetu hapa. Gari lako lilitoka kiwandani na matairi ya daraja la juu zaidi ya hapo, na breki zile za Brembo zilipangwa kufanya kazi na matairi hayo.

Kuhusu kuyamaliza, wala usihofu, yatakwisha yenyewe upesi. Watanga tunasema "waja leo waondoka leo", na sijaona tairi linalostahili msemo huo kuliko la theluji likikutana na lami ya Januari. Ila gari lenye nguvu kama lako litayala kwa mabaka, na utabaki na ngurumo ambayo utadhani ni bearingi. Mimi ningeyatoa sasa.

Mdigo_wa_Sapporo

Salamu kutoka baridini. Mimi ni mzaliwa wa Makorora, ninaishi Sapporo, kaskazini mwa Japani, na naandika haya huku matairi ya aina hiyo hiyo yakiwa kwenye gari langu hapo nje, yakifanya kazi yaliyotengenezewa.

Labda nieleze kwanza kwa nini mnayapata kwa wingi. Zamani Wajapani walitumia matairi yaliyopigiliwa vipini vya chuma ili yang'ate barafu. Vipini hivyo vilichimba lami siku ambazo theluji haipo, na miji ikajaa vumbi hadi watu wakalalamikia vifua vyao, kwa hiyo mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kuvizuia. Hata kabla ya hapo viwanda vilikuwa vimeanza kutafuta mpira unaoshika barafu bila chuma, na Blizzak ya Bridgestone iliingia sokoni mwaka 1988. Ndiyo maana ya neno STUDLESS: tairi lisilo na vipini.

Huku kwetu theluji inayoanguka katika msimu mmoja, ukiijumlisha, inakaribia mita 5, na Januari wastani wa joto uko chini ya sifuri. Tatizo la barafu halitokani na ubaridi wenyewe bali na utando mwembamba wa maji ulio juu yake, ambao ndio unaoteleza. Mpira wa tairi la theluji umetengenezwa ubaki laini katika baridi hiyo, mingine ina vijitundu vidogo mno vya kunyonya utando huo, na ile mikato ambayo Fundi ameilinganisha na ya wembe hufanya kazi ya kupangusa na kung'ata. Kila kitu ambacho Fundi amekilaumu ni ufundi wa hali ya juu, mahali pake. Mpira wa kiangazi nao huanza kukakamaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi, na ndiyo maana huku tunabadilisha matairi karibu na Novemba na kuyarudisha mwezi wa nne.

Sasa mwenye duka aliyekwambia kwamba la theluji ni gumu zaidi alikuwa amegeuza jambo kichwa chini miguu juu. Hata Wajapani wenyewe wapo wanaobana matumizi kwa kumalizia matairi ya theluji yaliyochakaa wakati wa joto, na chama cha wenye magari cha hapa, JAF, kilifanya majaribio yaliyoonyesha kwamba kwenye lami yenye maji tairi la theluji husimama mbali zaidi kuliko la kiangazi. Kwa hiyo swali lako la kwanza nakujibu bila kusita: hata dereva aliyelizoea gari asingesimama mahali ulipotarajia.

Kuhusu misimu yote, jina hilo linafunika vitu viwili tofauti. Lipo la mtindo wa Marekani, lenye alama ya M+S (matope na theluji) peke yake, ambalo kwa hakika ni tairi la kawaida lililolainishwa kidogo ili lisikakamae asubuhi za baridi. Na lipo la mtindo wa Ulaya, lenye pia picha ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, ambalo limefaulu jaribio la theluji na mpira wake umeegemea upande wa baridi. Hili la pili kwa Tanga ni hasara tupu, kwa kuwa unalipia uwezo ambao hutautumia hata siku moja na unaulipia kwa umbali wa breki. La kwanza linavumilika, nami nisingemlaumu mwenye Corolla akilichagua kwa sababu hudumu. Kwa STI ningechukua la kiangazi.

Turbo_wa_Raskazone

Nawashukuru nyote. Nimefanya jaribio la kidole gumba, na kweli kashata inalala. Mke wangu aliyekuwa pembeni ameniuliza kama naikanda chapati.

Limebaki la Lushoto, na nimepata wazo jingine la kubana matumizi. Kuna mtu anauza matairi mawili tu ya kiangazi, ya ukubwa wangu, yaliyotumika kidogo. Je, nikiyaweka mbele, ambako ndiko kwenye kazi ya breki, na nyuma nikaacha haya ya theluji hadi mwisho wa mwaka, kuna ubaya? Na mwingine ameniambia nishuke hadi ringi za inchi 16 ili ubavu wa tairi uwe mrefu na nisipasue ringi kwenye mashimo.

Mwalimu_wa_Fizikia

Kaka, hilo la mawili mbele na mawili nyuma liache kabisa, na nitakueleza kwa hesabu ili usidhani ni woga.

Tairi la 225/45R17 likiwa jipya lina kipenyo cha milimita 634 hivi, na mzingo wake ni kama milimita 1,993, kwa hiyo katika kilomita moja linazunguka mara 502. Chukua mawili yenye kashata za milimita 4 uyaweke pamoja na mawili ya milimita 8. Tofauti ya milimita 4 kila upande inapunguza kipenyo kwa milimita 8 na mzingo kwa milimita 25, na tairi dogo sasa linazunguka mara 508. Mizunguko sita kwa kila kilomita inaonekana si kitu, lakini gari lako linavuta kwa magurudumu yote manne, na kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna difu ya katikati ambayo kazi yake ni kumeza tofauti ndogo unapokata kona. Ukiipa tofauti ambayo haiishi, hata barabara ikiwa imenyooka, difu hiyo itafanya kazi bila kupumzika kuanzia hapa hadi Dar es Salaam, itachemka, na gharama ya kuitengeneza itayazidi matairi manne mapya. Subaru hutaka matairi yote manne yawe ya aina moja na kuchakaa kwake kuwe karibu sawa.

Kuna ubaya mwingine usiohusu difu. Ukiweka mpira unaoshika mbele na mpira unaoyumba nyuma, siku utakayokata kona kwenye maji nyuma ndiko kutakakotangulia kuachia, na mkia wa gari utataka kukupita. Kwenye kona za kuteremka kutoka Soni hadi Mombo sitamwombea mtu yeyote jambo hilo.

Lushoto yenyewe isikusumbue. Ni kweli kwamba mji uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400 na kwamba Julai alfajiri joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10, lakini tairi la kiangazi halikakamai kwa baridi ya namna hiyo. Litakuwa zito kidogo kwa kilomita chache za mwanzo hadi lipate moto. Tatizo ni kwamba kilomita hizo za mwanzo, ukiwa unarudi, ndizo zenye ukungu, majani yaliyolowa na kona. Teremka taratibu mpaka Soni, basi. Hakuna tairi la misimu yote litakalokuondolea wajibu huo.

Watu huuliza pia kama upepo wa matairi ubadilishwe wanapopanda mlimani. Ukijaza upepo wa psi 33 hapa ufukweni joto likiwa nyuzi 30, kisha ukalala Lushoto kwenye nyuzi 12, baridi itashusha kipimo kwa karibu 3, ilhali hewa nyepesi ya mlimani itakipandisha kwa kama 2. Vinakaribia kufutana, kwa hiyo usihangaike. Hangaika na upepo mdogo wakati wa mvua. Ipo kanuni ya zamani iliyotokana na majaribio ya NASA ya miaka ya 1960 kuhusu matairi ya ndege, inayosema kwamba mwendo ambao tairi huanza kuelea juu ya maji mengi hufuata kipeuo cha pili cha upepo wake. Kwa tairi lililochakaa lenye 33, kanuni hiyo inatoa kama kilomita 96 kwa saa; likiwa na 25 inatoa 83. Magari yetu si ndege, na tairi lenye mifereji mizuri hufanya vizuri zaidi ya hapo, lakini mwelekeo ni huo huo: upepo ukipungua, unaelea mapema.

Ringi za inchi 16 hazitapita kwenye breki zako za Brembo. Kalipa (sehemu za breki zinazobana diski) zitagusa ringi kabla hujafunga nati ya kwanza.

Babu_wa_Chumbageni

Nimesoma yote na nimeelewa, hasa hili la difu. Corolla yangu haina difu ya katikati wala haifiki kilomita 90 kwa saa hata ikiteremka, kwa hiyo mimi naendelea na yangu hadi masika ijayo. Lakini hilo jaribio la kidole gumba nimelifanya, nikakumbuka kwamba mvua ya mwisho nilimkaribia sana mtu wa baiskeli pale karibu na stendi, nami siku ile nilimlaumu yeye.

Fundi_Ngamiani

Mzee, masika isikukute nayo.

Ndugu wa Raskazone, ukienda kununua, angalia mambo haya machache. Yale yaliyoingia kwa viwango vya Marekani huwa na namba ya uchakavu ubavuni, pamoja na herufi za kushika kwenye maji na za kuvumilia joto. Herufi ya joto kwa gari lako iwe A. Ya maji iwe AA, au angalau A. Namba ya uchakavu ikiwa 500 na kuendelea, hilo litadumu lakini mpira wake ni mgumu. Ikiwa 200 linashika sana na litakwisha ukiwa unaliangalia. Kwa matumizi yako mimi ningetafuta la kati, kuanzia 280 hadi 340. Ila namba hizo huwekwa na kiwanda chenyewe, kwa hiyo usizilinganishe za kampuni moja na za nyingine kana kwamba zimepimwa na mtu mmoja. Tairi la theluji halina alama hizi kabisa, na hiyo nayo ni njia ya kulitambua.

Herufi ya mwendo iwe W, na namba ya uzito isipungue iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. 91, kwa mfano, ni kilo 615 kwa tairi moja. Tarehe isome mwenyewe, na yote manne yawe yamekaribiana. Matairi yaliyopangwa nje ya duka kwenye jua ili yavutie wateja usiyaguse hata kama ni mapya, maana jua la hapa linaupasua mpira kabla haujagusa barabara. Na mwenye duka akianza kukuambia kwamba la inchi moja zaidi litapendeza, mwambie bado zipo barabara zetu zenye kokoto.

Turbo_wa_Raskazone

Narudi na taarifa, kwa kuwa nimeona mara nyingi watu wakisaidiwa humu kisha wakapotea.

Nimenunua manne ya kiangazi, 225/45R17 91W, namba ya uchakavu 320, yote ya mwaka mmoja na wiki zilizokaribiana. Fedha zilizotoka nilikuwa nimeziwekea rangi ya gari, kwa hiyo boneti itabaki na mabaka yake hadi mwakani. Fundi wa Ngamiani ndiye aliyeyafunga, akafanya balansi na alaimenti, na alipong'oa yale ya zamani alinionyesha jambo ambalo nisingeliona: upande wa ndani wa matairi ya mbele, kingo za kashata zilikuwa zimeanza kumomonyoka vipande vidogo kama makombo ya mkate, ilhali gari limetembea hapa nchini kwa majuma matano tu.

Jana mvua ilinyesha tena. Nilikwenda mahali peupe njia ya Pongwe, nikahakikisha hakuna mtu mbele wala nyuma, nikafika kilomita 70 na kukanyaga breki kama siku ile. Sina kipimo cha kuwaambia ni mita ngapi zimepungua, lakini mkanda ulinibana kifuani, jambo ambalo pale Muheza halikutokea. Usukani nao umebadilika. Zamani ukikata, gari lilikuwa linafikiri kwanza ndipo linageuka.

Yale manne ya theluji nimemwachia Fundi, kwa sharti kwamba asimfungie mtu mwingine kwenye gari.

Fundi_Ngamiani

Sharti limetimizwa. Nimeyaandika kwa chaki nikayaegemeza ukutani, na leo asubuhi mvuvi mmoja wa Deep Sea amechukua mawili ya kuning'iniza ubavuni mwa mashua yake isigongwe na nyingine. Niliyemdhani atapunguza bei kwa sababu ya umri wa mpira aliyabonyeza kwa kidole, akasema alikuwa anatafuta laini kama hivyo, na ameahidi kurudia mengine mawili Ijumaa.